Ua la Marangu Likatwe Marangu

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Marangu, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, ina zaidi ya kilomita 500. Nimeisafiri nikiwaza mzigo mmoja tu kati ya mingi inayopita humo: fungu la maua mabichi ambalo mtu wa mjini anataka limfikie mama, shangazi au mwalimu wake wa zamani anayeishi kijijini, juu zaidi ya Marangu Mtoni, kwenye migomba na mifereji ya maji iitwayo mifongo, ambako lami imekwisha na nyumba huulizwa kwa jina la ukoo. Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka: maua hayo yapitie wapi ili yafike yakiwa mazima? Kadiri njia ilivyozidi kupanda ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hayapaswi kupita njia hii kabisa. Kinachostahili kusafiri ni agizo na pesa yake. Ua lenyewe likatwe huko huko mlimani, asubuhi ya siku linapokabidhiwa. Wapo watakaosema kwamba huko ni kukwepa gharama, au kwamba zawadi isiyotoka mkononi mwa mtoaji si zawadi. Hoja zao zina uzito, nami nitazijibu kwa kuifuata njia yenyewe, maana ushahidi mwingi uko barabarani.

Tuanzie Stendi ya Magufuli, Mbezi, yanakoanzia mabasi ya kaskazini. Mzigo hupokewa dirishani, huandikiwa risiti, hubandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, kisha huingia kwenye buti. Utaratibu huu umekomaa, na nchi ingekwama bila huo: dawa, sare za shule, vipuri vya pikipiki, nyaraka za mahakamani, vyote hufika. Lakini dawa na sare havipumui. Ua lililokatwa bado ni kiumbe hai. Limetenganishwa na mizizi tu. Linaendelea kupumua na kutumia sukari iliyobaki kwenye shina na majani, na kasi ya matumizi hayo hutegemea joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, upumuaji huongezeka mara mbili au hata tatu. Ndiyo maana wakulima wanaouza nje ya nchi huyaweka mawaridi yao kwenye vyumba vya baridi ya nyuzi 2 hadi 4 muda mfupi tu baada ya kuyakata, na hawakubali yaonje jua tena mpaka yamfikie mnunuzi. Dar es Salaam mchana wa Januari joto hupita nyuzi 30. Akiba ambayo ua lingeitumia kwa wiki nzima ndani ya chombo cha maji sebuleni huanza kuteketea kabla basi halijatoka getini. Tena kuna maji. Shina likikaa kavu, hewa huingia kwenye mishipa inayopandisha maji na kuiziba, na bakteria wakijikusanya kwenye jeraha la mkato huziba kilichobaki. Kichwa cha waridi kikiinama shingoni, mara nyingi ni kiu, na si kila kiu hutibika kwa kulitumbukiza kwenye ndoo jioni.

Baada ya Chalinze basi hugeuka kaskazini, huvuka Wami na kuelekea Segera. Hapo joto bado ni lile lile la pwani. Korogwe na Mombo ziko chini sana kuliko milima ya Usambara inayoonekana upande wa kulia, na msafiri anayetazama misitu iliyofunikwa na ukungu kule juu huku yeye amekaa kati ya mashamba ya mkonge anaelewa mara moja kwamba mlima na tambarare ni nchi mbili. Abiria hununua machungwa, maembe na ndizi kupitia madirishani, na sehemu ya ununuzi huo huingia kwenye mabuti pamoja na mizigo mingine. Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Tunda linaloiva, hasa ndizi, embe na parachichi, hutoa gesi iitwayo ethilini. Ndiyo gesi inayomsaidia mama wa nyumbani anapofunika parachichi bichi pamoja na ndizi mbivu ili liive upesi. Kwa ua gesi hiyo ni amri ya kuzeeka. Karnesheni hujikunja na kulala zisiamke tena; maua mengine hupukutisha petali ingawa mashina bado ni ya kijani. Buti lililofungwa, lenye joto, lenye gunia la maembe na mkungu wa ndizi zinazogeuka rangi, ni mahali pabaya mno pa kuliweka ua, na njia ya kwenda Uchagani, nchi ya ndizi, ina mabuti ya namna hiyo kila siku. Mara baada ya Mombo njia huingia kwenye ukame wa Mkomazi na Same, kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Pare, ambako hewa ni kavu na jua halina huruma. Mzigo ambao umechoshwa na joto la unyevu sasa unanyonywa na joto la ukavu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba haya yote yana dawa, na kweli dawa zipo. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na safari ya usiku huokoa saa mbaya kuliko zote za mchana. Anayejua kazi atachagua vichwa ambavyo bado havijafunguka, atapogoa majani ya chini, atakata shina upya ndani ya maji, atafunga miguu ya mashina kwa pamba iliyolowa, atazungushia gazeti na kuyaweka kwenye boksi lenye matundu lililoandikwa lisilazwe. Atachagua krisanthemamu badala ya karnesheni, kwa kuwa krisanthemamu haijali sana ethilini na huvumilia safari. Mtu akinijia akiwa hana njia nyingine, nitamwelekeza hivyo hivyo. Ila tazama tunachokifanya: tunakusanya ustadi wote huu ili ua lipungukiwe kidogo tu kuliko ambavyo lingepungukiwa. Na hapo bado hatujauliza lilitoka wapi kabla ya kufika Dar es Salaam.

Lilitoka kaskazini. Mawaridi ya biashara nchini Tanzania hulimwa hasa Arusha na Kilimanjaro, maeneo ya Usa River na Tengeru chini ya Mlima Meru, na sababu yake ni ile ile iliyofanya Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kuwa kitovu cha mawaridi ya Kenya. Waridi hupenda mchana wenye jua na usiku wenye ubaridi. Usiku ukiwa wa baridi, mmea haukimbilii kukua. Kichwa hujijenga taratibu, hunenepa, na petali huongezeka. Pwani waridi hufunguka upesi na hubaki dogo. Kwa hiyo katika Afrika Mashariki waridi la dukani ni zao la mwinuko, na biashara yake imejengwa juu ya ukweli huo kwa miaka mingi: hapo Arusha hukuzwa pia vipandikizi vya krisanthemamu vinavyopelekwa Uholanzi, na sehemu kubwa ya maua ya kaskazini mwa Tanzania imekuwa ikivuka mpaka wa Namanga kwenda kupandishwa ndege Nairobi, ingawa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko jirani kabisa na mashamba hayo. Anayenunua waridi Dar es Salaam ili alitume Marangu anafanya sawa na mtu anayechota maji ya Pangani kwenye mlango wa bahari ayapandishe Kilimanjaro. Ua limeshuka mlima, limevuka tambarare mchana, limekaa kwenye ndoo ya muuzaji, na sasa linarudishwa njia ile ile kwenda mahali palipo karibu na lilikozaliwa. Bei anayolipa mtumaji ina safari mbili ndani yake, na kila moja imepunguza umri wa kile alichokinunua.

Himo ndipo penye njia panda. Mzigo wa Marangu hushushwa hapa kabla basi halijaendelea Moshi, kisha Hiace au gari dogo huupandisha kilomita zisizozidi 15 mpaka Marangu Mtoni. Katika kipande hicho kifupi hewa hubadilika kiasi kwamba abiria hufunga vioo bila kuambizana. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7, na Marangu Mtoni iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu yake hukaribia mita 1,800, karibu na usawa wa lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Maana yake ni kwamba saa ile ile ambayo Dar es Salaam ina nyuzi 31, kibaraza cha nyumba ya Marangu kinaweza kuwa na 22, na usiku wa Julai hushuka chini sana ya hapo. Kwa hesabu ya upumuaji niliyoitaja, ua litazeeka huku kwa karibu nusu ya kasi ya kule. Mlima wenyewe ni chumba cha ubaridi ambacho mkulima wa Naivasha hulipia umeme ili akipate. Nalipenda sana jambo hili, na linanisikitisha pia, kwa sababu ua linalofika hapa kwa basi halina tena cha kuhifadhiwa. Limetumia ujana wake Korogwe. Ua lililokatwa kilomita mbili kutoka hapo, asubuhi, likiwa na umande, litakaa mezani kwa mama huyo wiki nzima na zaidi, na atalibadilishia maji ya mfongo kila siku akimtaja aliyemtumia.

Wazo la kutuma agizo badala ya ua si langu, wala si geni. Mwaka 1908 muuza maua wa Berlin aitwaye Max Hübner aliwaunganisha wenzake wa miji mbalimbali ya Ujerumani ili mteja alipe mji mmoja na maua yatolewe kwenye mji mwingine. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliunda chama cha kufanya hivyo kwa telegrafu. Waliona kwamba waya hufikisha maneno kwa dakika chache huku treni ikifikisha petali zilizokauka, wakaamua kila kimoja kifanye kinachokiweza. Kwetu waya huo upo mfukoni mwa kila mtu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mwanamke anayeuza ndizi sokoni Marangu hupokea malipo kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Muscat kabla hajamaliza kufunga mkungu. Tumeutumia uwezo huu kwa karo, kwa matibabu, kwa michango ya harusi na misiba. Kwa maua tumebaki kwenye fikra ya enzi ya treni: kwamba zawadi ni lazima ifungwe, ipakiwe na isafiri.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa, lile ambalo watu wa mlimani wenyewe hulitoa. Wanasema: mama huyo ana maua mlangoni kwake. Ana kanna kando ya njia, ana dalia, ana waridi la bustani lililopandwa na mkwe. Ukimtumia maua yaliyokatwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa jirani, umempa kitu gani ambacho hakuwa nacho? Pingamizi hili lingenishinda kama Uchagani kwenyewe kusingekuwa na jibu lake. Katika mila ya Wachagga upo mmea uitwao isale, wa jamii ya Dracaena, wenye majani marefu ya kijani. Hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba na kihamba, hupandwa penye makaburi ya wazee, na jani lake, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha. Aliyekosewa akiletewa isale huona uzito mkubwa kulikataa, hata kama kosa lilikuwa la ardhi au la damu. Mara nyingi halipelekwi na mkosaji mwenyewe. Hubebwa na mzee au mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili. Tafakari hilo. Isale limeota kwenye mipaka ya vihamba, hivyo yule anayepelekewa anaweza kuwa na mamia ya majani yake hatua chache kutoka alipoketi. Hakuna anayesema jani hili ni la kwetu, halina thamani. Thamani yake haikutokana na uhaba wala umbali. Ilitokana na kwamba mtu fulani, kwa nia fulani, aliamua likatwe na lipelekwe kwa mwingine fulani, na mchukuzi akalitamka jina la aliyemtuma. Jani ni la mahali hapo, mchukuzi ni mtu wa tatu, na bado ujumbe ni wa mwenyewe kabisa. Watu wenye mila hiyo hawawezi kushindwa kuelewa kanna iliyokatwa kwa jirani na kuletwa na kijana wa bodaboda anayesema, mama, hizi zimetoka kwa mwanao wa Dar.

Wengine watasema kutumiana maua ni desturi ya kuigwa, ya sinema na ya mwezi Februari, na kwamba mzee wa kijijini angefurahia zaidi kilo mbili za sukari. Sehemu ya kwanza ya dai hili haisimami. Waswahili wa pwani waliheshimu maua kabla ya kadi za Februari kufika. Asmini huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, hutungwa au huchanganywa na rehani na mkadi kuwa kikuba, hufunguka jioni kwenye nywele au kifuani mwa mwanamke, na asubuhi zimekwisha. Vilua na mlangilangi vina heshima yao pia. Nimeutaja mfano huu kwa sababu ya pili ambayo ni muhimu zaidi kwa hoja yangu: watu hao, waliosafirisha karafuu, pembe na mikeka kuvuka bahari, hawakuisafirisha asmini. Walijua kwamba uzuri wake ni wa saa chache na wa karibu, wakaupokea ulivyo. Sehemu ya pili ya dai, ya sukari, naikubali kwa moyo mweupe. Mwenye shida ya sukari atumiwe sukari. Lakini tusiseme kwamba mtu wa kijijini ana haja za tumbo tu, na kwamba kupendezewa nyumba ni anasa ya watu wa mjini. Yeyote aliyepita kwenye vijia vya Marangu ameona nyua zilizofagiliwa kwa mistari, ua wa mimea uliopogolewa, na maua yaliyopandwa pale yanapoonekana na mgeni. Watu hao wanayajali maua. Walichokosa ni mtu wa mbali kuwatumia.

Na tunawatumia lini? Wakishafariki. Desturi ya Wachagga ni kuzika kihambani, na kila wiki magari hupanda mlima yakiwa na jeneza na mashada yaliyonunuliwa mjini. Siku hizi mengi ni ya plastiki. Wanaoyanunua hutoa sababu inayoeleweka: hayanyauki njiani, yanafika kama yalivyotoka. Ndiyo hoja ya basi iliyofikishwa mwisho wake. Ukisisitiza kwamba ua ni lazima lisafiri na ni lazima lifike likiwa vile vile, utalazimika kuacha kutuma ua. Plastiki hiyo hubaki pale alipolazwa mpendwa, na kaburi la kihambani liko karibu na migomba, mihogo, kahawa na mfongo unaonyweshea chakula cha familia. Jua huipausha, upepo huibomoa vipande, watoto hukuta waya kwenye udongo wanapolima. Shada lililosukwa kwa majani na maua ya mlima ule ule lingeoza pale pale na kuwa mbolea ya migomba, na wanawake wa kijiji wenye mikono myepesi wangelipwa kulisuka. Siwalaumu wafiwa, kwani siku hiyo mtu hushika kinachopatikana. Nawaambia wanaopanga, wenye kamati na bajeti na kundi la WhatsApp, kwamba agizo la maua mabichi lingeweza kutumwa mlimani jioni ile ile wanapokodi basi.

Pingamizi la mwisho ni la vitendo, nalo nalipa nafasi kwa sababu likishinda basi hoja yangu ni maneno tu. Nani atayakata? Kijijini hakuna duka la maua. Kweli, ila hoja yangu haihitaji duka. Inahitaji mtu mmoja mwenye simu, kisu kikali na ndoo, anayejua vihamba vya nani vina nini na anayeaminika. Masoko ya mlimani yana wanawake wa namna hiyo. Wameuza ndizi, magimbi na maziwa kwa miaka mingi, wanajua kupanga bei, na hakuna jina la ukoo wasilolijua kuanzia Kilema mpaka Mwika. Mwenye kutaka mawaridi marefu ya dukani anaweza kuagiza Moshi mjini, mwendo wa saa moja au zaidi kidogo, umbali ambao ua huuvumilia ndani ya ndoo yenye maji. Kitu kimoja nakikataza waziwazi: mchukuzi asiingie msituni. Juu ya vijiji vya Marangu huota Impatiens kilimanjari, ua jekundu lenye manjano na mkonga wa nyuma uliopinda, ambalo asili yake ni mlima huu tu duniani, na juu zaidi kuna yale maua makavu meupe ya Helichrysum ambayo wapandaji hupenda kuyashika. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na kuchuma humo ni kosa. Hata kusingekuwa na sheria, mmea usiopatikana kwingineko si wa kufungwa utepe. Mlimani kuna maua ya kutosha ya kupandwa, na mwanamke akiona yananunulika atapanda mstari mwingine kando ya mfongo. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliwazoesha watu wa hapa kuona kitu kidogo cha kihambani kikigeuka fedha. Kahawa ilikuwa inashuka, na fedha ndiyo iliyopanda. Katika maua vyote viwili vinaweza kubaki hapo hapo.

Kuhusu uaminifu, kwamba mtumaji hataona kilichopelekwa, picha ya simu kabla ya kukabidhi hutosha, na anayeletewa atapiga simu mwenyewe. Kuhusu uchaguzi, ni kweli kwamba anayeagiza kwa mbali hupoteza haki ya kuchagua kila shina. Anachopaswa kueleza ni vitu vichache: kwa ajili ya nani na tukio gani, rangi asizozitaka, kiasi cha fedha, na jina lake litamkwe vipi mlangoni. Mengine amwachie mkataji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua wiki hii kimechanua nini na mvua ya jana imeharibu nini. Agizo likabidhiwe asubuhi, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, ambapo vijia vya juu huteleza na bodaboda hukwama baada ya mvua ya mchana. Fungu lisipakiwe pamoja na ndizi mbivu, hata kwa kilomita tatu. Desemba, wakati Wachagga wa kila pembe ya nchi wanarudi nyumbani na kila familia ina ubatizo au harusi, aagize wiki mbili mapema, kwani mikono ya kukata itakuwa imejaa kazi. Februari mashamba makubwa ya Arusha na Naivasha huwa yanayakimbiza mawaridi Ulaya kabla ya tarehe 14, na hata Moshi bei hupanda. Mwezi huo aache waridi, aombe kanna na dalia.